Lugha za Kompyuta Zisiachiwe Mafundi Peke Yao

Siku hizi hakuna ofisi ya Serikali, tangu wizarani hadi kwa mtendaji wa kata na kwa sheha, ambayo haijaguswa na kile kinachoitwa "mfumo". Mwananchi akienda kulipia leseni ya chombo chake huambiwa asubiri, mfumo uko chini. Akiuliza kwa nini jina lake limekosewa, huambiwa kwamba mfumo ndivyo ulivyolitoa. Akiuliza mfumo huo umetungwa na nani, hapana wa kumjibu. Neno hili limekuwa kama kadari: likishatajwa, mjadala umekwisha.

Sisi tunasema mfumo si kadari. Mfumo ni maandishi. Umeandikwa na binadamu, kwa lugha zilizotungwa na binadamu, na kila mstari uliomo ndani yake ulikuwa uamuzi wa mtu fulani siku fulani. Mtumishi wa umma asiyejua hata misingi ya maandishi hayo anatekeleza kanuni ambazo hajapata kuzisoma na ambazo hajui namna ya kuzirekebisha. Hatari hiyo haiwahusu mafundi wa kompyuta peke yao. Ni jambo la utawala, na ndiyo maana tunalileta katika safu hii.

Tuanze na msingi wenyewe. Kompyuta kwa asili yake haijui Kiswahili, wala Kiingereza, wala Kiarabu. Inajua hali mbili tu, umeme upo au haupo, na wataalamu wakaziandika hali hizo kwa tarakimu mbili, 1 na 0. Kila kitu kinachopita ndani yake, iwe picha ya bwana harusi au mshahara wa mwalimu, ni mfululizo mrefu wa tarakimu hizo. Watu wa mwanzo walioziamrisha mashine hizi waliandika tarakimu moja kwa moja, kazi ya kuumiza macho na yenye makosa mengi. Ndipo ikaonekana kwamba hapana budi kutunga lugha za katikati, ambazo mtu anaweza kuzisoma na mashine ikaweza kufasiriwa. Mwaka 1957 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa FORTRAN, lugha ya watu wa hesabu na uhandisi, iliyoongozwa na John Backus. Mwaka 1959 ilianza kutungwa COBOL, kwa kufuata mawazo ya Grace Hopper, mwanamke aliyeshikilia kwamba makarani nao wana haki ya kuandika amri kwa maneno yanayoeleweka. Baadaye zikaja C, Python, Java na nyingine nyingi. Msomaji asihangaike na majina hayo. Tofauti baina yao ni kama tofauti baina ya jahazi, dau na ngalawa: kila kimoja kina kazi yake, lakini vyote huelea kwa kanuni zile zile.

Jambo lipasalo kueleweka ni kazi ya kufasiri. Sisi Waswahili tumejaliwa maneno mawili kwa kazi hiyo, nayo yanaeleza vizuri kuliko vitabu vingi. Kuna mfasiri na kuna mkalimani. Mwalimu Nyerere alipozitia tamthilia mbili za Shakespeare katika Kiswahili, Julius Caesar na Mabepari wa Venisi, alikuwa mfasiri: alichukua kitabu kizima, akakigeuza chote, na msomaji akapewa kazi iliyokamilika. Mkalimani wa mahakamani hafanyi hivyo. Yeye husimama kando ya shahidi, husikiliza sentensi moja na kuigeuza papo hapo, kisha husubiri ya pili. Lugha za kompyuta nazo zimegawanyika vivyo hivyo. Nyingine hufasiriwa zote kwa mara moja kabla ya kazi kuanza, na nyingine hukalimaniwa mstari kwa mstari kazi ikiendelea. Ya kwanza huenda kasi. Ya pili ni rahisi kuijaribu na kuirekebisha. Lakini katika hali zote mbili mashine hutekeleza kile tu kilichoandikwa. Haina aibu, haina huruma, wala haiulizi "ulikuwa na maana gani?" Karani wa kibinadamu akipewa amri ya kipumbavu huenda akasita. Kompyuta haisiti.

Na hizo amri zenyewe ni nini? Hapa wengi hudhani kwamba tunaingia katika elimu ya ng'ambo isiyo na mizizi kwetu. Si kweli. Neno linalotumiwa na wataalamu wa dunia nzima kwa utaratibu wa hatua za kutatua jambo, algoriti, limetokana na jina la mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Kitabu chake kilichoipa dunia elimu ya al-jabr kina sehemu kubwa inayohusu hesabu za wasia na mirathi. Aliyesoma chuoni Bagamoyo, Pangani au Unguja akafika kwenye faraidhi, amekwisha kusoma algoriti bila kuambiwa jina lake.

Tuchukue mirathi hiyo iwe mfano. Kwanza yatoke mazishi, kisha yatoke madeni, kisha utoke wasia usiozidi thuluthi, ndipo kilichobaki kigawanywe. Mpangilio huu ukivurugwa, hesabu yote imeharibika, hata kama kila hatua peke yake ni sahihi. Kisha kuna masharti: kama marehemu ameacha mtoto, fungu la mke ni thumni, kama hakuacha, ni robo. Kisha kuna kurudia: kwa kila mrithi aliyepo, tazama sehemu yake, ikadirie, iandike. Na katikati ya kazi hiyo kuna visanduku vyenye majina, kimoja kinaitwa "mali", kingine "deni", kingine "fungu la mke", ambavyo kilichomo ndani yake hubadilika kadiri hesabu inavyosonga. Visanduku vyenye majina, mpangilio wa hatua, masharti na kurudia: karibu kila programu duniani, hata ile inayoongoza ndege, imejengwa kwa vitu hivyo.

Wapo vijana wa Kitanzania ambao katika miaka hii ya 2020 wametunga lugha ya kompyuta iitwayo Nuru, ambayo amri zake ni maneno ya Kiswahili: fanya, kama, sivyo, wakati, rudisha, andika. Kwa lugha kama hiyo kanuni ya fungu la mke huandikwa karibu kama anavyoisema sheikh. Hatusemi kwamba wizara ziandike mifumo yao kwa Nuru kesho. Tunasema kwamba kizuizi cha lugha, kilichokuwa kikitajwa kila mara kama udhuru, hakina uzito kilichokuwa kikipewa. Mtoto anaweza kufundishwa fikra ya kutunga programu kwa lugha aliyolelewa nayo, na baadaye akabadili maneno machache ya Kiingereza kama fundi anayebadili bisibisi.

Lakini tusikimbie mfano wetu wa mirathi, maana ndani yake mna jambo ambalo maofisa wetu hawana budi kulizingatia. Tuseme mwanamke amefariki, hakuacha mtoto wala mzazi, ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja mama mmoja. Baada ya kutoa kila kinachopaswa kutolewa, mali iliyobaki ni shilingi 4,200,000. Fundi hodari wa kompyuta, asiyejua faraidhi, ameambiwa kwamba mume asiye na mtoto hupata nusu na dada wawili hupata theluthi mbili. Ataandika hivyo. Programu yake itampa mume shilingi 2,100,000 na dada shilingi 2,800,000. Jumla ni 4,900,000. Mashine imegawa shilingi laki 7 ambazo hazipo duniani, na imezigawa kwa hati safi yenye nembo juu. Mwanachuoni yeyote angetambua mara moja kwamba hapa pana awli: mafungu yamezidi mali, kwa hiyo mali hugawanywa kwa 7 badala ya 6, mume akachukua mafungu 3, yaani shilingi 1,800,000, na dada wakachukua 4, yaani 2,400,000. Kila mmoja amepungukiwa kwa uwiano wa fungu lake na hakuna aliyedhulumiwa.

Je, kosa hapa ni la nani? Lugha ya kompyuta haina kosa, na mashine pia haina. Hata fundi, kwa kweli, ameandika alichoambiwa. Kosa limo katika ile siku ambayo fundi na mwanachuoni hawakuketi mkeka mmoja. Na hilo ndilo neno letu kuu leo: mfumo huharibika kwanza pale ambapo anayeijua kazi na anayeijua lugha ya mashine wametenganishwa, kila mmoja akimwona mwenziwe kuwa hamhusu.

Nchi yetu imekwisha kuipata ada ya somo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Katika miaka iliyofuata, hesabu za Serikali zilihamishiwa kwenye mashine kwa kutegemea mno wataalamu wa kigeni, na makarani walioijua kazi hawakuandaliwa ipasavyo. Mambo yakavurugika, ikabidi kurudi kwenye daftari. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni, isipokuwa kwa kibali. Ndugu zetu wa Visiwani watatabasamu hapa, kwa sababu wakati huo Zanzibar ilikwisha kuwa na televisheni ya rangi, ilhali sisi wa Bara tulingoja hadi mwaka 1994. Marufuku ya kompyuta yalilegezwa polepole baadaye.

Wako wanaoucheka uamuzi ule. Sisi hatuucheki. Nchi ilikuwa na fedha chache za kigeni na ilikuwa imeumwa na nyoka. Lakini tukiutazama kwa ujuzi wa leo tunaona kwamba dawa ilitolewa kwa ugonjwa mwingine. Kilichokuwa kimeshindwa ni namna programu ilivyoandaliwa: nani aliulizwa, nani aliandika, nani alijaribu, na nani angebaki kuirekebisha mgeni akishapanda ndege. Kuzuia mashine hakukumfundisha mtu yeyote kuandika programu. Kwa muda mrefu tulikosa vyote viwili.

Tulinganishe na jambo lililotokea kwa jirani zetu. Huduma ya M-Pesa, iliyozinduliwa Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, programu yake ya awali iliandikwa Uingereza. Hilo lingeweza kuwa chanzo cha kushindwa kama kule kwetu. Lakini kabla ya kuzinduliwa ilijaribiwa Nairobi na Thika kuanzia mwaka 2005, kwa watu wachache wasiofika mia tano, ikiwa imekusudiwa kuwasaidia kurejesha mikopo midogo kwa taasisi ya Faulu. Waandishi walipoangalia watu wanavyoitumia, waliona kwamba wengi walikuwa wakipelekeana fedha wao kwa wao kwa shida zao za kila siku. Kama wangekuwa watu wa kiburi wangesema wananchi wanakosea. Wao walibadili nia ya huduma nzima, na kutuma fedha nyumbani kukawa ndiyo kazi yake kuu. Leo hapana mvuvi wa Mlingotini wala mchuuzi wa Darajani asiyejua maana ya kutumiwa pesa kwa simu. Majaribio yale kwa watu wachache yalikuwa na thamani kuliko ripoti nene ya mshauri yeyote.

Hivi ndivyo programu inavyopaswa kuzaliwa. Huanza kwa kuuliza, na kuuliza huko ni kazi ngumu kuliko kuandika. Halafu hutungwa sehemu ndogo inayofanya kazi, ikapewa watu waitumie, wakalalamika, ikarekebishwa. Kisha sehemu nyingine. Na haifi siku ya kukata utepe. Kodi zikibadilika, wilaya zikigawanywa, sheria ikirekebishwa, maandishi yale nayo lazima yaguswe. Anayenunua mfumo kama anavyonunua kabati, akalipa, akasaini, akasahau, atashangaa baada ya miaka 3 kwa nini kabati limegeuka adui.

Fikiria mtu aliyepewa kazi ya kuandika programu ya ushuru katika soko la samaki la Bagamoyo, pale ufukweni jirani na forodha ya kale. Akibaki ofisini ataandika kwamba samaki huuzwa kwa kilo, kwa kuwa ndivyo ilivyo vitabuni. Ashuke pwani alfajiri ataona mnada: wengine wanauzwa kwa fungu, dagaa kwa ndoo, papa na nguru wakubwa mmoja mmoja, na dalali ana hesabu yake kichwani ambayo haisubiri mtandao urudi. Ataona kwamba wakati wa bamvua shughuli si sawa na siku nyingine. Ataona vyombo vilivyosajiliwa Unguja, wenyewe wamepiga dago upande huu kwa miezi, na kama programu yake inadai kila chombo kiwe na namba ya halmashauri ya hapa, basi itawakataa ndugu hao au itamlazimisha mtoza ushuru kuandika uwongo ili risiti itoke. Uwongo wa namna hiyo ukishaingia katika takwimu, hupanda hadi Dodoma na kurudi kama mipango.

Hili la Visiwani tunaomba lisichukuliwe kwa wepesi. Utawala wa Bara una mkoa, wilaya, tarafa, kata, na kijiji au mtaa. Zanzibar ina mkoa, wilaya na shehia. Mara ngapi Mzanzibari aliyevuka kuja huku ameketi mbele ya karani, akaulizwa "kata yako?", akajibu kwamba kwao ni shehia, na mashine ikakataa kuendelea mbele mpaka kata ipatikane? Tena kuna suala la majina. Mtu wa Pemba huitwa kwa jina lake, la babake na la babu yake. Hakuna jina la ukoo kama walivyo Wazungu. Fomu inayodai "jina la ukoo" humfanya babu yake kuwa ukoo, na mwanawe naye akija huandikiwa ukoo mwingine, kisha ofisi nyingine ikadai kwamba baba na mwana si jamaa. Haya hayakufanywa kwa nia mbaya. Yalifanywa na mtu aliyeandika anachokijua yeye, na hakuwapo wa kumwambia. Lakini Muungano wetu hauwezi kuwekwa rehani kwa kisanduku kimoja cha fomu ambacho fundi wa siku 2 angeweza kukibadili kama angeambiwa.

Hata saa zetu. Msafiri wa boti akiandikiwa "saa 3" kwenye tiketi, je, ni saa tatu yetu ya asubuhi au ile ya Kizungu ambayo sisi huiita saa tisa? Wasomaji wanaoona tunazungumza mambo madogo tunawakumbusha chombo cha Marekani kilichotumwa kwenye sayari ya Mirihi na kupotea mwezi Septemba 1999. Sababu ilikuwa kwamba programu ya upande mmoja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza, na upande mwingine ukazisoma kama vipimo vya metriki. Hakuna mashine iliyoharibika. Watu wawili hawakuulizana.

Sasa, haki nayo isemwe. Katika miaka ya karibuni Serikali imepiga hatua ambazo sisi tunazipongeza bila kusita. Tangu mwaka 2017 malipo mengi ya Serikali Bara hupitia mfumo wa GePG, uliotengenezwa na wataalamu wetu wenyewe, ndio unaotoa ile kumbukumbu namba ambayo mitaani kila mtu anaiita kontroo namba. Hesabu za matumizi, ambazo kwa takriban miaka 20 zilikuwa zikiendeshwa kwa programu ya kigeni iitwayo Epicor, zimehamia kwenye Mfumo wa Ulipaji Serikalini, MUSE, ulioandikwa na watumishi wa Wizara ya Fedha. Ile wizara iliyoumia kabla ya mwaka 1974 ndiyo hii. Zanzibar nayo ina ZanMalipo yake. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imeipa eGA mamlaka yake Bara, na Visiwani iko eGAZ. Wanaosema Mwafrika hawezi kuandika mfumo mkubwa watafute wimbo mwingine.

Hata hivyo kuandikiwa Dodoma au Dar es Salaam si lazima kuwe kumeandikiwa kwetu. Kijana wa Kitanzania ambaye hajawahi kuvuka Mto Wami anaweza kukosea mambo ya Saadani na Kipumbwi sawasawa na mtu wa Cambridge. Utaifa wa mwandishi ni jambo jema, lakini hautoshi; lazima ashuke pwani.

Ndiyo maana tunayataka mambo haya kwa maofisa wa halmashauri, wa mikoa na wa wizara za pande zote mbili. Zabuni ya mfumo wowote isitangazwe kabla watu wa kazi yenyewe, yaani mtoza ushuru, muuguzi, sheha, dalali, hawajaketi na kueleza kwa mdomo wao kazi yao inavyokwenda, pamoja na zile hali za nadra ambazo kwa kawaida hazimo kwenye waraka. Awli katika mirathi ni hali ya nadra, lakini ikitokea, itawatokea watu wenye msiba. Na mfumo ujaribiwe mahali padogo kwa miezi, mahali penye umeme wa mashaka, kabla ya kutangazwa nchi nzima. Tumeona mifumo ikijaribiwa katika ukumbi wenye viyoyozi, mbele ya wageni waalikwa, na kupigiwa makofi.

Kisha mkataba. Programu ina sura mbili. Iko ile iliyokwisha kufasiriwa kwa mashine, ambayo binadamu haisomi, na yako maandishi yake asilia, ambayo fundi mwingine anaweza kuyasoma, kuyakagua na kuyarekebisha. Anayekuuzia ya kwanza akabaki na ya pili amekuuzia nyumba akabaki na ufunguo. Mkataba wowote wa fedha za umma usiodai maandishi asilia yakabidhiwe Serikali, pamoja na maelezo yake, usisainiwe. Hapa hatuzungumzi ndoto. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, waliweza kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, kwa sababu tu maandishi asilia ya OpenOffice yalikuwa wazi kwa yeyote kuyafanyia kazi. Hawakuhitaji kumpigia mtu magoti. Baadaye Microsoft nayo ikatoa programu zake kwa lugha yetu. Na takwimu za afya, Bara na Zanzibar, zinaendeshwa kwa DHIS2, ambayo chimbuko lake ni Afrika Kusini ya miaka ya 90 na inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Nayo maandishi yake yako wazi, na wataalamu wetu wameyatia mikono. Kujitegemea kulikotajwa katika Azimio la Arusha mwaka 1967 hakukuwa na maana ya kukataa cha mgeni. Jembe la mgeni unaloweza kulinoa mwenyewe ni jembe lako.

La mwisho ni shule. Katika sekondari zetu masomo haya hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi hukariri majina ya sehemu za kompyuta kama anavyokariri milima ya Ulaya, akamaliza bila kuandika amri hata moja. Mabishano kama mashine hiyo iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi yametuchukulia muda mwingi mno. Watu wamekwisha kusema kompyuta, na iwe kompyuta. Nguvu hizo zipelekwe kwenye kumpa mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa hisabati kitabu kimoja chembamba, kinachoeleza visanduku, mpangilio, masharti na kurudia kwa mifano ya huku kwetu: kugawa mirathi, kupanga zamu za kisima, kuhesabu ushuru wa ndoo za dagaa. Shule isiyo na kompyuta nayo inaweza kuanza. Mtoto anaweza kuandika amri daftarini, mwenziwe akawa mashine na kuzitekeleza neno kwa neno bila kuongeza akili yake. Makosa yataonekana, na darasa litacheka.

Bajeti za halmashauri huandaliwa kila mwaka, na ndani yake mna vifungu vya mifumo. Madiwani wa Bagamoyo, wa Pangani na wa Mkinga, na Wawakilishi wa kule ng'ambo ya mkondo, wanayo haki ya kuuliza juu ya kila kifungu: nani aliulizwa, kilijaribiwa wapi, maandishi asilia yanawekwa na nani. Wakijibiwa kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu, waulize tena, na kifungu kisipitishwe mpaka jibu lipatikane kwa Kiswahili.